Kampuni ya Delaware, Jasho la New York

Ukisajili kampuni, jambo la kwanza utakaloambiwa na wakili ni kwamba deni la kampuni si deni lako. Biashara ikianguka, wadai watabeba meza, kompyuta na gari la kampuni, lakini nyumba yako hawaigusi. Kanuni hiyo hufundishwa Dar es Salaam, Nairobi, London na katika kila chuo cha sheria cha Marekani. Ndiyo sababu wakili aliyezoea sheria za Delaware au Ohio, akikutana kwa mara ya kwanza na kifungu cha 630 cha sheria ya kampuni ya New York, hurudia kukisoma.

Kifungu hicho kinawahusu wanahisa kumi wenye hisa za thamani kubwa kuliko wengine katika kampuni ambayo hisa zake haziuzwi kwenye soko la hisa. Kampuni ikishindwa kulipa mishahara, wao ndio watakaolipa, kutoka mifukoni mwao. Mfanyakazi anaweza kumchagua mmoja kati ya hao kumi, yule mwenye uwezo, akamdai deni lote. Huyo atajua mwenyewe namna ya kuwafuata wenzake. Wala deni haliishii kwenye mshahara. Malipo ya muda wa ziada yamo, likizo imo, kiinua mgongo kimo, na michango ambayo mwajiri alipaswa kuipeleka kwenye bima na pensheni imo pia.

Kulidai deni hilo si kazi ya siku moja. Mfanyakazi humwandikia mwanahisa taarifa ndani ya siku 180 tangu alipoacha kazi. Akipitwa na muda huo, haki yake imepotea. Kisha huishitaki kampuni yenyewe kwanza, ashinde, ajaribu kukazia hukumu na kukuta hakuna cha kukamata. Hapo ndipo anapopata siku 90 za kumfungulia mwanahisa kesi.

Kwa miaka mingi kifungu hiki kiliwabana wanahisa wa kampuni zilizosajiliwa New York tu. Mwenye mgahawa wa Brooklyn aliweza kuisajili kampuni yake Delaware, akaajiri wapishi hapo hapo Brooklyn, na kulala usingizi. Mwanzoni mwa 2016 mwanya huo ulizibwa: hata kampuni ikiwa imesajiliwa jimbo jingine, wanahisa wake wakubwa wanawajibika kwa kazi iliyofanyika New York. Kampuni za mtindo wa LLC za jimbo hilo, yaani kampuni zenye dhima yenye kikomo ambazo wenyewe huitwa wanachama, nazo zina kifungu kinachofanana na hicho, kinachowahusu wanachama wao kumi wakubwa.

Wapo wanaosema sheria ya namna hii inafukuza wawekezaji. Mimi naiona ni ya haki, na mizizi yake ni ya zamani: tangu 1848, sheria ya New York ya kampuni za viwanda iliwabebesha wanahisa madeni ya vibarua, watumishi na wanagenzi. Hebu tazama ni nani wanaoudai mgahawa uliofungwa. Benki ilichukua dhamana kabla ya kutoa mkopo. Mwenye jengo alipokea kodi ya miezi ya mbele. Muuza nyama, akiona malipo yanasuasua, husimamisha mzigo. Muosha vyombo hana hata kinga moja kati ya hizo. Amekwisha kutoa alichokuwa nacho, nguvu zake na saa zake, na hawezi kuvirudisha nyumbani.

Massachusetts ina ukali wake. Huko mtu anayeachishwa kazi hulipwa kila senti yake siku ile ile, pamoja na likizo aliyolimbikiza. Mji wa Methuen ulimwachisha kazi mtumishi wake mmoja mwaka 2013 bila kumlipa dola 8,952.15 za likizo. Fedha zilimfikia wiki tatu baadaye. Kwingine mambo yangeishia hapo. Lakini Aprili 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba mshahara uliocheleweshwa unadai fidia ya mara tatu ya kiasi chake, hata kama mwajiri amekwisha kulipa kabla ya kesi kufunguliwa. Tangu 2008 jaji hana hiari ya kuipunguza fidia hiyo. Rais wa kampuni, mhazini wake na wale wanaoiongoza huhesabiwa na sheria kuwa waajiri wao wenyewe, kwa hiyo hushitakiwa kwa majina yao. Kwamba ujira ulipwe kabla jasho halijakauka, watoto wengi wa pwani wamelisikia agizo hilo tangu madrasa. Massachusetts wameliwekea adhabu.

Kwa nini nchi moja iwe na sheria hamsini? Katiba ya Marekani iliipa serikali ya shirikisho mambo iliyoyataja, na yasiyotajwa yakabaki kwa majimbo. Sheria ya kampuni, ya mikataba, ya ardhi na sehemu kubwa ya sheria ya kazi hutungwa na mabunge ya majimbo. Hata leseni ya uwakili hutolewa na jimbo, na wakili bingwa wa Chicago anaweza kuwa mgeni kabisa akivuka mpaka. Mtanzania ataielewa hali hii upesi. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, inalindwa Tanzania Bara tu. Ukivuka kwenda Unguja na bidhaa zako, huna budi kuisajili upya BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, la sivyo huna kinga. Zidisha jambo hilo kwa majimbo hamsini.

Katikati ya utaratibu huo imekaa Delaware, jimbo dogo ambako karibu theluthi mbili ya kampuni 500 kubwa za Marekani zimesajiliwa. Kivutio chake ni Mahakama ya Chancery, iliyoanzishwa mwaka 1792, ambako kesi huamuliwa na majaji waliobobea katika mambo ya kampuni, bila jopo la raia. Hiyo ni sababu nzuri kwa General Motors. Lakini sheria ya Delaware hutawala mambo ya ndani ya kampuni: ugomvi wa wanahisa na wakurugenzi, kura, mgawanyo wa faida. Mshahara wa mfanyakazi, leseni ya kazi, kodi ya mauzo na ardhi hufuata sheria za pale biashara inapofanyika. Sheria inafuata mahali jasho linapomwagika, si mahali karatasi iliposajiliwa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu linawagusa ndugu zetu. Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, Wakongo wa Texas na Kentucky, Watanzania wa Houston: wengi wamefungua biashara za malori, za kutunza wazee majumbani, za saluni na za vyakula. Ushauri unaozunguka kwenye video na makundi ya simu ni ule ule: sajili LLC Delaware au Wyoming, ni rahisi, huhitaji hata kusafiri. Ni kweli ni rahisi. Ila mtu anayehudumia wagonjwa Worcester kwa kampuni ya Delaware atatakiwa kuisajili tena Massachusetts kama kampuni ya kigeni, atalipa ada za majimbo mawili, na siku akimwachisha mfanyakazi na kumcheleweshea malipo, ile hesabu ya mara tatu inamsubiri.

New York ina jambo jingine linalowashangaza wageni, na hili silitetei. LLC mpya hupewa siku 120 kutangaza kuzaliwa kwake katika magazeti mawili, moja la kila siku na moja la kila wiki, kwa wiki sita mfululizo. Magazeti yenyewe huteuliwa na karani wa kaunti. Kisha wenye magazeti hutoa hati za kiapo kwamba tangazo limetoka, nazo hupelekwa serikalini pamoja na ada ya dola 50. Asiyetangaza hawezi kufungua kesi katika mahakama za jimbo mpaka atimize sharti hilo, ingawa mikataba yake haifi. Asili yake ni sheria ya ubia ya mwaka 1822, wakati gazeti lilikuwa njia pekee ya kumjulisha mdai kwamba mshirika fulani hatawajibika zaidi ya mtaji wake. Wakati huo lilikuwa na maana. Leo daftari la kampuni liko kwenye intaneti, na yeyote anaweza kulisoma kutoka Mwanza. Gharama ya tangazo Manhattan inaweza kuvuka dola 1,000, huku kaunti za mbali zikitoza sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na mwenye duka la nguo ndiye anayelipa. Sharti hili limebaki kuwalisha wachapishaji, na lifutwe.

Ukienda California utakuta sharti la mwaka 1872 ambalo bado lina meno. Mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi kwa mshindani baada ya kuacha kazi ni batili, isipokuwa katika mambo machache kama mtu anapouza biashara yake. Wakili wa jimbo jingine huzoea kuviandika vifungu vya aina hiyo kila siku, na huvipeleka California bila kufikiri mara mbili. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya jimbo ilikataa hata vifungu vyenye mipaka ya kiasi, vile ambavyo majaji wa kwingine huviona ni vya haki. Sheria mpya zilizoanza Januari 2024 ziliongeza kwamba kifungu ni batili popote kiliposainiwa, na waajiri walipewa mpaka Februari 14 ya mwaka huo kuwaandikia wafanyakazi barua za kuwaambia kwamba vifungu walivyosaini havina nguvu. Profesa wa sheria Ronald Gilson alieleza mwaka 1999 kwamba uhuru huu ni sababu mojawapo ya Silicon Valley kuipita Massachusetts katika teknolojia: wahandisi walihama kutoka kampuni hadi kampuni na ujuzi wao, na hakuna aliyeweza kuwafunga kwa karatasi. North Dakota inafuata kanuni hiyo hiyo tangu enzi za Eneo la Dakota, kabla ya kuwa jimbo, na Minnesota ikajiunga Julai 2023.

Louisiana haipigi marufuku, inadai usahihi. Kifungu cha kuzuia ushindani kisizidi miaka miwili, na lazima kitaje eneo lenyewe kwa parokia, ndivyo kaunti zinavyoitwa huko. Parokia ziko 64. Mkataba uliotoka Houston ukisema tu "ndani ya maili 50 kutoka ofisini" unaweza kutupwa na jaji wa New Orleans kabla chai haijapoa.

Jimbo hili linastahili kutazamwa zaidi kidogo. Lilitawaliwa na Ufaransa na Hispania kabla ya Marekani kulinunua mwaka 1803, na sheria zake za kiraia zimeshika njia ya Ulaya bara badala ya ile ya Uingereza. Sura ya mauzo ya bidhaa katika sheria ya biashara inayotumika kwenye majimbo mengine 49 haikupitishwa huko. Na kuna kanuni moja ambayo wakili wa nje hawezi kuiamini mpaka aione kwa macho. Ukiuza nyumba au shamba kwa bei iliyo chini ya nusu ya thamani ya soko, una mwaka mmoja wa kwenda mahakamani kuyavunja mauzo. Mnunuzi akikuandikisha kwamba umeisamehe haki hiyo, maandishi hayo ni bure. Ni muuzaji peke yake mwenye haki hii. Mnunuzi aliyelipa ghali hana. Ukikumbuka ni wajane wangapi wameuza viwanja kwa bei ya kutupa kwa sababu ya njaa ya wiki moja, utaona kwamba waliotunga kanuni hiyo walimjua binadamu.

Lakini Louisiana hiyo hiyo ndiyo iliyowasumbua watawa wa majeneza. Abasia ya Saint Joseph, karibu na mji wa Covington, ina watawa Wabenedikto ambao kwa vizazi wamewazika wenzao katika majeneza ya mbao yasiyo na urembo, waliyoyachonga wenyewe. Sehemu ya mapato yao ilitokana na miti ya msitu wao. Kimbunga Katrina kilipopita mwaka 2005 kiliiangusha. Wakaamua kuishi kwa ufundi waliokuwa nao: mwaka 2007 wakafungua karakana, na kupanga kuuza majeneza kwa dola 1,500 na 2,000. Kabla hawajauza hata moja, bodi ya jimbo inayosimamia shughuli za mazishi ikawaamuru waache. Sheria ilisema ni mkurugenzi wa mazishi mwenye leseni tu anayeruhusiwa kumuuzia mtu wa Louisiana jeneza, na kwamba jengo lake liwe na sebule ya kutosha watu 30, chumba cha kuonyeshea majeneza sita, na vifaa vya kuhifadhia maiti. Watawa hawakutaka kugusa maiti ya mtu. Walitaka kuuza sanduku. Na sheria hiyo hiyo haikumlazimisha mtu yeyote azikwe ndani ya jeneza, wala haikumkataza kuliagiza kutoka jimbo jingine.

Walikwenda mahakama ya shirikisho, na Machi 2013 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano ikawapa haki. Majaji walisema kulinda mapato ya kundi moja la wafanyabiashara, peke yake, si sababu halali ya kuwafungia wengine mlango. Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza rufaa ya bodi.

Leseni za namna hiyo zimewaumiza Waafrika moja kwa moja. Utah, mama mmoja mzaliwa wa Sierra Leone aliyejua kusuka tangu utotoni aliambiwa apate kwanza leseni ya urembo wa nywele, yaani mafunzo ya kufikia saa 2,000, ambayo mengi hayahusu kusuka hata kidogo. Alishitaki, na mwaka 2012 jaji wa shirikisho akasema sharti hilo halina mantiki kwa msusi. Majimbo mengi tangu hapo yamewaondolea wasusi mzigo huo, lakini si yote, na dada anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine na kitana chake anaweza kukuta kazi iliyokuwa halali jana leo inamtoza faini.

Si kila sheria inayozuia ni ya kulaumiwa. North Dakota, tangu 1963, duka la dawa sharti limilikiwe kwa wingi wa hisa na wafamasia wenye leseni. Kampuni kubwa zilipigana nayo hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1973 zikashindwa, na mwaka 2014 zikaipeleka kwa wapiga kura zikashindwa tena. Ni jimbo lile lile lililoanzisha benki ya serikali mwaka 1919, baada ya wakulima kuchoka kunyanyaswa na mabenki na wenye vinu wa Minneapolis, na lililozikataza kampuni kumiliki mashamba mwaka 1932. Mwanasheria anayezisoma moja moja ataziona ni vioja. Akizisoma pamoja ataona watu wanaoishi mbali na miji mikubwa wanaotaka mfamasia wao awe mtu wanayekutana naye mtaani.

Texas imeelekea upande mwingine. Mwajiri binafsi ana hiari ya kujiunga au kutojiunga na bima ya ajali kazini, jambo linalowastua mawakili kutoka karibu kila pembe. Ila asiyejiunga hupoteza ngao tatu mahakamani: hawezi kusema mfanyakazi alichangia uzembe, wala kwamba alijua hatari akaikubali, wala kwamba mwenzake ndiye aliyekosea. Mwenye malori mawili anayedhani ameokoa ada ya bima anaweza kupoteza yote mawili kwa ajali moja.

Na Montana? Katika majimbo mengine 49 kanuni ya msingi ni kwamba mwajiri aweza kumwachisha mtu kazi siku yoyote bila kutaja sababu, ilimradi havunji sheria mahususi kama zile za ubaguzi. Montana, tangu 1987, mtu aliyemaliza muda wa majaribio, ambao kwa kawaida ni miezi 12, haachishwi bila sababu ya msingi, na akionewa anaweza kudai mishahara ya hadi miaka minne. Wamarekani huitaja Montana kama jambo la ajabu. Mkenya aliyezoea Sheria ya Ajira ya 2007, au Mtanzania anayeijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hataona ajabu hapo. Ajabu kwake ni hayo mengine 49, na inafaa alijue hilo kabla ya kusaini mkataba wa kazi kwa matumaini ya nyumbani.

Kwa hiyo ndugu yako aliye Columbus au Lowell akikupigia simu kwamba anafungua kampuni, usimuulize ameisajili wapi. Muulize wafanyakazi wake watasimama katika jimbo gani, watalipwa siku gani, na kazi yao inahitaji leseni ipi. Kila jimbo lina vituo vya kuendeleza biashara ndogo ambavyo ushauri wake hautozwi hata senti, na vyuo vingi vya sheria vina kliniki zinazowasaidia wafanyabiashara wadogo bure. Aende huko kwanza, na mkataba wake usomwe na wakili wa jimbo hilo kabla hajamwajiri mtu wa kwanza.